Ndugu Niliyemzika Benaco

Biharamulo Mjini
9 Septemba 1994

Kwa shemeji Tecla,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la malori ya unga wa wakimbizi yanayotupita hapa mchana kutwa. Mimi na mke wangu Swaumu ni wazima. Hukumu uliisikia juzi, lakini ulitoka nje kabla haijaisha, na sehemu tamu ndiyo uliyoikosa, kwa hiyo ngoja nikupe.

Hakimu alisema mtoto Mwanaisha sasa anaingia miaka saba. Akasema baba yake, marehemu mdogo wangu Yunusu, alinikabidhi mimi kwa mdomo wake kabla ya kukata roho. Basi mtoto akae kwangu, alelewe katika dini ya baba yake, na wewe mama uruhusiwe kumwona. Wale washauri wawili wa mahakama waliitikia kwa vichwa kama njiwa.

Mimi shemeji, darasa niliishia la nne, lakini siku ile hata karani aliacha kuandika akawa anaukodolea macho mdomo wangu. Nilishika Msahafu nikawaeleza nilivyosikia kwamba Yunusu, aliyevuka mpaka pale Kabanga na vitenge vyake vya biashara kwenda Muyinga, Burundi, ile Oktoba ya balaa, ameonekana kwenye kambi ya wakimbizi ya Benaco. Nikawaeleza nilivyopita katikati ya watu walio wengi kuliko siafu, hema kwa hema, nikamtambua kwa kikohozi chake. Alinilalia pajani. Akasema, "Kaka, mwanangu asilelewe dini ya watu. Mchukue." Akafumba macho. Nilimwosha kwa mikono hii, nikamkafini kwa kanzu yangu mwenyewe, nikachimba kaburi peke yangu kwenye changarawe, na mvua iliyokuwa inanyesha ikasimama kunipisha. Hapo kwenye mvua, yule mshauri mzee alitoa leso.

Mlete mtoto Jumatatu stendi. Njia usiiogope. Majambazi wa porini wananijua. Mwaka juzi walinisimamisha, nikawasalimia kwa ile sauti ya babu yangu, aliyekuwa askari wa Mjerumani pale bomani, mmoja akaangusha bunduki na mwingine akaniomba radhi. Vitu vya kanisani viache hukohuko Bugarama.

Mimi shemeji yako mkubwa,
Saidi bin Anuari, mjukuu wa askari


Bugarama, Ngara
21 Septemba 1994

Shemeji Saidi,

Shikamoo.

Mtoto nilimleta kama mahakama ilivyoamuru. Uliona mwenyewe kwamba hakulia. Mimi ndiye niliyelia, lakini baada ya basi kuondoka.

Nimekata rufaa wilayani. Ninakwambia mapema ili usije ukasema nilikuzunguka.

Mimi na Yunusu tulifunga ndoa bomani. Uliyajua hayo, na hukuja. Karani wa pale alituuliza mtoto atakuwa wa dini gani. Yunusu akacheka, akasema, "Atajua njia ya msikitini na njia ya kanisani. Akikua, miguu ni yake." Tangu baba yake aondoke, kila Jumamosi nimempeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani Kabanga, na kila Jumapili kanisani. Alhamdu anaisoma yote. Kortini hukuniuliza, na hakimu hakuniuliza. Mliulizana ninyi kwa ninyi.

Januari uliniandikia kwamba tangu Yunusu avuke hujasikia lolote. Mei ukaniandikia kwamba uko Bukoba, umelazwa kwa homa. Mei hiyohiyo ndiyo unayosema ulimzika Benaco. Sitabishana kwa barua. Nataka kitu kimoja, nionyeshe kaburi. Mimi Mkristo nilikaa eda mpaka mwisho kwa ajili ya neno lako. Nina haki ya kujua nilikuwa namlilia nani.

Mwambie Swaumu kwamba Mwanaisha hapendi kula peke yake. Akae naye.

Tecla


Biharamulo Mjini
6 Novemba 1994

Kwa shemeji Tecla,

Barua yako nimeipokea, nimeisoma nimesimama, nimeikunja, nimeisamehe. Homa ya Bukoba ilikuwa homa ya kweli, lakini mtu kama mimi hazuiwi na kitanda cha hospitali. Niliruka dirisha. Hilo kortini sikulisema kwa sababu sipendi kujisifu.

Kaburi nimeshamwonyesha mtoto. Ilinibidi nizunguke kidogo kulitambua, maana makaburi ya pale yameongezeka kama mashamba ya mihogo. Lakini damu ni damu, miguu ilinipeleka yenyewe. Ukitoka barabara kuu, unayaacha mahema ya wauza nyama kulia, unakwenda hadi ukingoni kabisa, kwenye mti mmoja wa miiba. Ni lile lililozungushiwa mawe meupe, limepaliliwa, zuri kuliko yote. Nimechomeka kibao, nimeandika YUNUSU kwa lami. Hata Wazungu wa kugawa maji walisimama kulitazama.

Mambo mawili nikueleze, si kwa kuogopa.

La kwanza, mtoto hakuuliza habari za baba yake. Alisimama akaniuliza, "Baba mkubwa, nani ameng'oa magugu?" Nikamwambia malaika. Akanitazama kama unavyonitazamaga wewe.

La pili, kichwani mwa kaburi tulikuta kibuyu kidogo kina pombe ya mtama, na mrija umechomekwa kama vile mtu anangojewa aje kunywa. Pombe, juu ya kaburi la Mwislamu! Nilikipiga teke kikapasuka. Basi mtoto akachutama, akaokota vipande kimoja kimoja, akavipanga, akawa anaongea na udongo kwa Kihangaza. Lugha yenu mimi siisikii. Ila sauti ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

Nikasoma Yasini, ambayo naijua yote kwa kichwa isipokuwa mwisho. Mbali kidogo palikuwa na mwanamke mmoja wa kikimbizi ameegemea jembe anatutazama. Hakuna kingine.

Kila mwisho wa mwezi nitampeleka kuzuru, ili mahakama ya rufaa ijue mtoto anavyolelewa.

Saidi bin Anuari


Bugarama
28 Novemba 1994

Shemeji,

Shikamoo.

Nimefika Benaco. Mawe meupe nimeyaona, na kibao. Mbele ya kibao chako palikuwa na pombe mbichi kwenye kopo la bati.

Nimekaa pale mpaka jua likageuka.

Kaburi hilo lina mtu anayelitunza. Wewe unayejua kila kitu, unamjua?

Rufaa itasikilizwa baada ya Idi. Utaapishwa upya.

Tecla


Biharamulo Mjini
15 Januari 1995

Kwa shemeji Tecla,

Mtoto hajambo. Anakula. Shida yenyewe iko hapo kwenye kula.

Naandika haraka kwa sababu kondakta wa basi la Kabanga ananipigia honi, na ninataka unijibu kitu kimoja: huyu mtoto huko kwenu aliwahi kupelekwa kwa mganga? Au bibi yake alimfanyia mambo ya mizimu? Niambie tu, mimi si mtu wa kutishika. Niliwahi kulala kwenye pango moja na chui kule Burigi, na asubuhi ni yeye aliyeondoka kwanza.

Ni hivi. Juzi mchana, jua la utosini, kuku wote wamejificha, mtoto amekaa juu ya kinu uani peke yake. Ameelekea ua. Anaongea. Anasema neno, ananyamaza kama anayejibiwa, anacheka, anasema tena. Kihangaza kitupu. Mama yake Swaumu ni Msubi, lugha zao zinakaribiana, kwa hiyo anaokoteza. Nikamvuta jikoni nikamwambia sikiliza. Akasikiliza, na nikaona uso unambadilika.

"Anasema nini?"

"Anauliza, 'Na mwanao mdogo anaitwa nani?'"

"Halafu?"

"Amenyamaza."

Tukangoja. Mtoto akaitikia kwa kichwa, akasema kitu.

"Sasa anasema, 'Jina zuri,'" akanitafsiria Swaumu, na kijiko kikamtoka mkononi.

Nikatoka, nikajikohoza. "Mwanaisha, unaongea na nani?"

"Na yule wa kaburini."

"Baba yako?"

"Siyo baba." Aliniambia kwa upole kabisa, shemeji, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Huyu anaitwa Niyonsaba. Anauliza mbona mnamwita jina la mtu mwingine."

Ni mara yangu ya kwanza kukosa la kusema tangu nizaliwe, na Swaumu ni shahidi. Mtoto akateremka kinuni, akanishika mkono.

"Halafu anauliza nyumba yako ina vyumba vingapi, baba mkubwa."

Tangu siku hiyo anapanga sahani nyingi kuliko watu. Tukiziondoa, anazirudisha. Hakasiriki. Anazirudisha tu.

Nijibu.

Saidi


Biharamulo Mjini
12 Februari 1995

Shemeji Tecla,

Hukunijibu. Kondakta anasema barua alikupa mkononi.

Tumo katika mfungo. Katika mwezi huu mashetani wote wamefungwa minyororo, hata mtoto wa chuo anajua. Ndiyo maana nakuuliza wewe, kwa sababu imamu nimeshindwa kumuuliza: kama wamefungwa, huyu ni nani?

Nakueleza jambo lenyewe bila kuongeza. Jana alasiri Swaumu anakaanga vitumbua vya futari, mimi natoka kutawadha, nikafungua mlango. Kwenye kizingiti pana kibuyu. Kitupu, kikavu, kimefutwa vumbi. Nilikiinua. Kimepasuka na kimeshonwa. Unajua wanavyoshona vibuyu, kwa uzi wa mkonge, mshono unapita kama kovu la operesheni. Nikakigeuza. Pale nilipokipiga teke pana alama ya ncha ya kiatu changu.

Kutoka Benaco hadi kwangu ni safari nzima ya basi, shemeji. Kibuyu hakina miguu.

Niliuliza majirani. Hakuna aliyeona mtu. Muuza mkaa alisema aliona mwanamke amejifunika, akauliza njia ya kisimani, akapita. Wanawake wa kujifunika hapa mjini ni wengi.

Nilitaka kukitupa kwenye shimo la taka. Mtoto akanizuia. "Usitupe baba mkubwa, ni chombo chake. Amekileta mwenyewe ili ajue njia." Nikamwuliza njia ya kwenda wapi. Akasema, "Ya kuja."

Nimekitundika juu ya mlango. Kanzu yangu ile niliyosema nilimkafini Yunusu iko sandukuni kwangu, leo nimeitazama. Sijui kwa nini nimekuandikia hilo. Lifute.

Kwa nini hujibu?

Saidi


Bugarama
20 Februari 1995

Shemeji,

Shikamoo.

Barua zako zote nimezipata. Nimechelewa kwa sababu sikuwa na la kukwambia ambalo wewe hulijui.

Bibi yake hakumfanyia mambo yoyote. Kwa mganga hajawahi kufika.

Sahani anazopanga, mwache azipange.

Tecla


Biharamulo Mjini
6 Machi 1995

Kwa shemeji Tecla,

Leo nakuandikia kwa kituo, ingawa nyumba imejaa kelele na mahali pa kukaa ni juu ya gunia la chumvi.

Siku ya Idi tulitoka kuswali, watu wote tumesimama nje ya msikiti, manukato, kanzu mpya, nawasimulia habari za yule chui. Mwanaisha yuko na Swaumu upande wa wanawake. Nikaona watu wananyamaza mmoja mmoja. Nikageuka.

Mwanamke. Amejitanda kitenge kilichopauka, ana rozari shingoni, nyuma yake mabinti watatu wamepangana kwa kimo. Miguu yao yote ina vumbi jekundu hadi magotini. Nilimtambua kwa jinsi alivyosimama, kama bado ameegemea jembe.

"Shemeji," akaniambia, "shikamoo."

Ulimi wangu ukaitikia wenyewe, "Marahaba." Halafu akili ikafika. "Mama, nani shemeji yako?"

"Ni wewe. Ninaitwa Uwimana."

"Saidi," akasema imamu, tasbihi imesimama vidoleni, "unamfahamu?"

"Hapana."

"Mume wangu anamfahamu," akasema yule mwanamke. Kiswahili chake cha polepole, anaweka neno chini kabla ya kuchukua jingine. "Shemeji, kila mwezi unamwombea. Kaburi la Benaco, la mawe meupe, karibu na mti wa miiba. Mimi ndiye niliyebeba mawe yale. Nimeambiwa kwamba mbele ya hakimu uliapa mle amelala ndugu yako. Sitaki ugomvi. Nimekuja kuuliza mbele ya watu wako wa dini. Ni kaburi la ndugu yako, au si la ndugu yako?"

Shemeji, nimewahi kutazamwa na chui. Chui ana macho mawili. Pale palikuwa na mji mzima, na wajumbe, na yule mshauri mzee wa mahakama mwenye leso, naye amesimama mstari wa mbele na halua mkononi. Nikisema si la ndugu yangu, kiapo changu kimekwenda wapi? Nikisema ndilo...

"Ni la ndugu yangu," nikasema. Sauti haikutetemeka. Swaumu anasema ilitetemeka, lakini alikuwa mbali.

Uwimana akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nashukuru. Basi hawa ni watoto wa ndugu yako." Akawasukuma mbele kidogo. "Na nimeambiwa pia ulisema kortini mtoto wa marehemu lazima alelewe katika dini ya baba yake. Baba yao alikuwa Mkatoliki wa Kibungo. Jumapili misa ya kwanza ni saa ngapi hapa?"

Ndipo nikasikia kicheko upande wa wanawake. Mke wangu wa ndoa! Ameshika mbavu, machozi yanamtoka, anasema, "Haya mume wangu, ukoo wako unakua! Mbona husemi karibu?"

Nilisema karibu. Siku ya Idi humfukuzi mgeni.

Sasa sikia lililonikausha. Mwanaisha alitoka mbio kutoka kwa Swaumu, akawakumbatia wale mabinti kwa majina. Wote watatu. Mdogo wao alipotajwa, Swaumu aliacha kucheka, maana ndilo lile jina zuri. Tukafika nyumbani. Biriani imefunikwa, mkeka umetandikwa tangu asubuhi, na sahani alikuwa amezipanga Mwanaisha kabla hatujaenda kuswali. Hakuna iliyopungua, hakuna iliyozidi.

Juu ya mlango Uwimana alikiona kibuyu chake. Alikigusa tu kwa vidole, kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa.

Basi jana Jumapili, mimi, mjukuu wa askari wa Mjerumani, nimewapeleka misa. Sikuingia. Nilikaa nje ya kanisa nimeshika kandambili za yule mdogo, aliyekataa kuingia na kandambili mbovu. Watu waliokuwa wanapita walinipa shikamoo kwa sauti ya kunionea huruma.

Kuhusu Mwanaisha. Si kwamba nimeshindwa. Ila mtu mmoja hawezi kulea watoto wa ndugu wote kwa mkupuo, na wewe una nafasi. Kortini sitakuja kupinga. Nitamwandikia hakimu kwamba majukumu ya marehemu yamekuwa mazito kuliko nilivyotarajia. Wiki ijayo Swaumu atamleta mtoto.

Saidi bin Anuari


Bugarama
30 Aprili 1995

Shemeji Saidi,

Shikamoo. Msalimie sana Swaumu. Msalimie Uwimana na watoto.

Rufaa imekwisha. Hakimu wa wilaya alisoma barua yako mara mbili, halafu akaniuliza mimi, Yunusu alisema nini siku ile bomani. Aliniuliza, shemeji. Nilimjibu kwa maneno yake yaleyale, na karani akayaandika. Mtoto akae na mama yake. Jumamosi chuo, Jumapili kanisa, kama wazazi wake walivyokubaliana. Akikua, miguu ni yake. Hukutajwa kwa ubaya.

Sasa nikueleze lililo langu, kwa sababu sipendi uendelee kuogopa mlango wako mwenyewe.

Siku ile ya Novemba nilipokaa kaburini, Uwimana alikuja na jembe. Tukasalimiana, lugha zetu zinasikilizana. Nikamwambia mumewe anaombewa dua kila mwezi na mtu wa Biharamulo, kwa jina la mume wangu. Hakucheka, wala hakukasirika. Akaniuliza, "Huyo mtu ana nyumba?" Nikamwambia anayo. Mabinti zake walikuwa wanalala chini ya plastiki inayovuja.

Katika ziara zenu zilizofuata, ni yeye aliyekuwa akiongea na Mwanaisha wewe ukisoma Yasini ukiwa umefumba macho. Akamwambia jina la mumewe. Akamwambia majina ya watoto, na kwamba Idi watakuja. Mtoto akayabeba nyumbani akawa anayacheza juu ya kinu, ndivyo watoto walivyo. Kibuyu alikishona Uwimana, akakileta kwa lori la mkaa, ili aone nyumba yenyewe. Nilijua. Ulipoandika unaogopa, nilijua, na nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na mwanangu.

Hayo yote yana maelezo. Nayaandika ili tubaki na moja lisilo nayo.

Ijumaa moja mwezi huu nilimpeleka Mwanaisha Benaco, tuikwangue ile lami yako tuandike Niyonsaba. Nilipokuwa nakwangua, mtoto alikuwa amelala kifudifudi, sikio kwenye udongo. Nikamwambia mchezo umekwisha, Uwimana yuko Biharamulo. Akasema anajua. Akasema Niyonsaba hayuko peke yake humo.

Nikamwuliza yuko na nani.

Alisema kuna mwingine. Hakuwa na kaburi. Alikuwa anatembea tu kule ng'ambo, akasikia anaitwa jina lake hapa kila mwezi, akaifuata sauti mpaka akafika. Niyonsaba akasogea, akamwachia nafasi. Wanalala mgongo kwa mgongo, maana pembamba.

Nilimwuliza Uwimana kwa barua kama alimwambia mtoto hayo. Ameapa kwa watoto wake kwamba hakumwambia.

Mwanaisha anasema huyo wa pili haongei na yeye. Ana haya, kwa sababu mtoto alikuwa mdogo sana alipoondoka. Ila alimpa neno la kukuletea wewe. Nimelirudia nyumbani siku nzima na silielewi. Anasema, "Mwambie kaka, mlango wa uani nimeuacha wazi."

Kibao nimekiacha na majina mawili.

Ijumaa ijayo ninakwenda tena na mtoto. Niyonsaba tutampelekea pombe ya mtama, kwa ruhusa ya mkewe. Kwa mwenzake tutapeleka maji. Hatuna mtu wa kumsomea kwa dini yake, mtoto bado hajafika Yasini. Njoo umsomee ndugu yako, kwa jina lake. Mwisho usioujua, soma kwenye Msahafu.

Na safari hii usiongeze chochote.

Tecla


Biharamulo
3 Mei 1995

Tecla,

Tulipokuwa wadogo baba alifunga mlango wa mbele kila magharibi, na aliyechelewa alichapwa. Kati yangu na Yunusu, anayetangulia kufika alikuwa anautoa komeo mlango wa uani kwa ajili ya mwenzake. Halafu anatoka tena, anapita karibu naye uwanjani bila kumtazama, anasema maneno hayo. Hayohayo. Mama hakujua. Swaumu hajui hadi leo.

Nakuja Ijumaa. Kanzu ninaileta.

Saidi